Mlianzaje kuandika hadithi za ulimwengu mwingine wa tamthilia mnayoipenda?

Binti_Makambako

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za leo.

Nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo. Kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili ambayo tuliifuata kila jioni, hata baba aliyekuwa akisema haipendi alikuwa wa kwanza kuuliza kama imeanza. Ilipoisha nilikosa raha kabisa. Nikachukua daftari nikaanza kuandika ya kwangu. Yule dada mhusika mkuu nimemleta huku kwetu, anauza parachichi stendi. Mchumba wake anaendesha lori la mbao. Mama mkwe, yule mwenye roho ya korosho, nimempa duka la pembejeo. Nimefika ukurasa wa 40.

Nina shida mbili. Kaka yangu kasoma akaniambia huu ni wizi, watu wametunga kwa jasho lao na mimi nawachukulia watu wao. Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Nikisoma nilichoandika naona hawa si wao. Majina ni yaleyale, ila hawapumui. Usiku taa ikizimwa nawaona vizuri kichwani, nikishika kalamu wanapotea.

Nyie mnaoandika hadithi za ulimwengu mwingine, ambamo watu ni walewale lakini mambo yamekwenda vingine, mlianzaje? Mlijuaje kipi cha kubadili na kipi cha kuacha?

Mzee_wa_Tungo

Marahaba binti. Kaka yako usimlaumu. Mimi natunga mashairi miaka mingi, naujua uchungu wa kusikia beti zangu zinaghaniwa harusini bila jina langu kutajwa. Mhusika ana mwenyewe, kama mbuzi alivyo na mwenyewe. Wewe una parachichi, una stendi, una lori la mbao, hivyo vyote ni vyako. Badili majina tu, hadithi yote itakuwa yako na hakuna atakayekuuliza. Hivyo ndivyo ningemwambia mwanangu wa kumzaa.

Opereta_Tanga

Marahaba mwanangu. Nimesoma swali lako, nikainuka nikaenda kulitoa sandukuni kaunta buku langu la kwaya mbili, nikalisoma hadi chai ikapoa. Mzee wa Tungo, salaam, nitakufikia.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Darasa la saba nilimaliza wa pili, hesabu najua, sayansi najua, vyote nimefundishwa kwa Kiswahili. Nikafika sekondari nikawa bubu. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unazungumza Kiswahili unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzio naye akosee, umvishe yeye. Atakayekuwa nacho jioni ndiye anayefagia bweni zima. Muhula ule wa kwanza nilifagia sana. Kilichoniumiza si ufagio. Nilijifunza kumvizia rafiki yangu kipenzi, nikae karibu naye akiwa na homa, nisubiri aite mama yake kwa lugha ya kwao, nimvishe.

Likizo ya Juni nikapelekwa Unguja kwa mama mdogo, Michenzani. Wenzetu Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, wakati sisi bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka miaka ya 90. Lakini hicho nilichokiona hakikutoka kituoni. Baba mdogo alikuwa amerudi Dubai na deki ya video na begi la kanda, na kanda zilizopendwa na nyumba nzima zilikuwa za tamthilia ya Wamarekani, Star Trek. Wao kwao ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ikaenda misimu mitatu, sehemu 79, ikakatwa mwaka 1969. Sisi tuliiona miaka 20 baadaye, mkanda umekwisha kukwaruzika, baba mdogo akitutafsiria huku anakula kashata.

Ni chombo cha angani, Enterprise, kinazunguka kwenye nyota. Nahodha Kirk, msaidizi wake Spock mwenye masikio ya ncha, daktari McCoy, fundi mkuu Scott. Na nyuma ya nahodha, kwenye meza ya mawasiliano, amekaa mwanamke mweusi mwenye kidude sikioni, anasikiliza nyota. Anaitwa Uhura. Jina limetoka kwetu. Nichelle Nichols, aliyeigiza, alikwenda kujaribiwa akiwa ameshika kitabu kiitwacho Uhuru. Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia, akalipenda neno, wakalilainisha mwishoni likawa Uhura. Mama mdogo alikuwa akisema kila akionekana, "Huyo wetu."

Sasa sikia. Kuna sehemu inaitwa The Changeling. Chombo kinaingiliwa na mtambo, Nomad, ambao uliundwa duniani ukapotea angani, ukarudi umeharibika akili, unafuta kila kisichokamilika. Mtambo unamsikia Uhura anaimba kazini, sauti imepenya kwenye spika. Unamfuata. Kuimba hauelewi ni nini. Unamfuta akili yote, papo hapo, amekaa kitini kwake. Fundi Scott akienda kumwokoa, unamuua.

Daktari anasema ubongo wake mzima ila hauna kitu, afundishwe upya kama mtoto. Anapelekwa kwa nesi, Christine Chapel. Wamekaa na kitabu cha kusomea, mbwa ana mpira, anga ni samawati. Uhura anasoma herufi kwa herufi. Anakwama. Anakasirika. Na anapokasirika inamtoka lugha nyingine.

Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilisimama pale mlangoni. Matamshi yalikuwa ya kigeni, maneno mengine hayakushikika sikioni, lakini nilijua, na mama mdogo alijua, na baba mdogo akasahau kutafsiri. Nikasema, "Rudisha nyuma." Akarudisha. Nikasema tena. Akarudisha mara nne, na kila mara nesi anamjibu vilevile: hapana, kwa Kiingereza.

Mtu kafutwa kila kitu. Jina la nahodha wake limefutika, kazi yake imefutika, nyimbo zake zimefutika. Kilichobaki chini kabisa, ambacho ule mtambo haukukifikia, ni Kiswahili. Na mtu wa kwanza kukisikia anamwambia hapana. Baadaye daktari anatoa habari njema, kwamba ameshafika kiwango cha chuo, wiki haitaisha atarudi kazini. Wakafunga mjadala. Nyumba nzima ikaendelea kunywa chai. Mimi nikaona kile kibao kiko shingoni kwake.

Usiku ule sikuandika kwa sababu nilitaka kuwa mwandishi. Nilitaka nesi ajibu vingine. Ndiyo basi. Nilichukua karatasi nane za katikati ya daftari la baba mdogo la mahesabu, nikaandika ile sehemu yote kama ilivyo, mtambo ni uleule, kitabu ni kilekile, mbwa ana mpira. Uhura anakwama, linamtoka neno. Na nesi Chapel, badala ya kusema hapana, anageuza kitabu, anaweka kidole juu ya picha, anauliza: "Hiki unakiitaje?"

"Mpira."

Anatoa kalamu mfukoni anaandika kwenye kiganja chake.

Hicho ndicho nilichobadili, mwanangu. Kidole kimoja juu ya picha. Mengine yote yalikuja yenyewe na mimi nikawa nayakimbilia. Kama amefundishwa upya kwa Kiswahili, basi anarudi kazini anahesabu kwa Kiswahili, anaota kwa Kiswahili, na ujumbe wa hatari ukiingia anaupaza kwa Kiswahili. Nahodha atamwelewaje? Ina maana nesi akae naye mezani wiki za mwanzo. Ina maana Chapel naye anajifunza. Sulu na Chekov, waliokaa mbele yake, watashika maneno mawili matatu: subiri, sikiliza, hatari. Na fundi Scott je? Mtambo ulimuua ukamfufua, sehemu hiyohiyo, dakika chache, na tamthilia haikumpa hata sentensi moja ya kukaa na Uhura wakazungumza yaliyowapata. Watu wawili waliofutwa na kitu kimoja, chombo kimoja, na hawakutani! Nikawakutanisha. Nimewaweka jikoni kwenye chombo, usiku, hawasemi mengi. Sura ile ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Na mimi sikujua wakati ule kwamba nilichofanya kina jina, wala kwamba Star Trek yenyewe ilikifanya. Kanda ya baba mdogo iliyofuata ilikuwa Mirror, Mirror. Miaka mingi baadaye nikaona tarehe: The Changeling ilitoka 29 Septemba 1967, na Mirror, Mirror 6 Oktoba 1967, wiki moja tu baadaye. Tufani inawarusha Kirk, McCoy, Scott na Uhura kwenye ulimwengu mwingine ambamo chombo ni kilekile na watu ni walewale, ila ni dola ya mabavu, unapanda cheo kwa kumuua aliye juu yako. Spock ana ndevu. Lakini muangalie vizuri Spock yule. Ni Spock. Anapima mambo kwa akili, ahadi yake ni ahadi. Wamempa dunia mbaya wakamwachia mizani yake. Ndiyo maana anapumua.

Niliandika nyingine iliyokufa, ni vizuri nikueleze kwa kuwa ndiyo inayofanana na yako. Mwaka 1991 niliajiriwa opereta wa simu hapa Tanga. Nilipoona tangazo la kazi sikufikiri mara mbili, na nikivaa kile kipokea sauti kichwani moyo ulikuwa unanidunda. Ubao mzima wa vishimo na taa, kamba zenye plagi, simu za kukoroga za vijijini zinaingia, unasema "subiri nikuunganishe," unachomeka, unasikiliza dakika tatu ziishe. Zamu za usiku zilikuwa tulivu. Nikaanza kuandika Uhura opereta wa Tanga. Kanga, ubao wa simu, mwanya wa dirisha unaoleta upepo wa bandarini. Ikafa ukurasa wa 11.

Kwa miaka nilidhani ni kwa sababu nilimtoa angani. Sivyo. Nilikuwa nimembadilisha vyote: mahali, kazi, watu, tabia, hata alichokitaka. Yule hakuwa Uhura. Alikuwa mimi, nimevaa jina lake. Siku nyingine, ubao wa simu wenyewe ulikwisha kuondolewa, nikajiuliza: taabu yake ilimwingilia mlango gani? Na jibu lilikuwepo tangu 1986. Aliimba kazini, sauti ikapenya, kikaja kilichosikia. Basi nikamrudishia kuimba. Uhura wangu wa Tanga akawa anaimba taratibu zamu ya usiku, akasahau plagi moja wazi, na upande wa pili wa waya, Handeni huko, kuna mtu anasikiliza kila usiku bila kusema neno. Kurasa 11 zikawa 90.

Kwa hiyo Makambako si tatizo. Stendi na parachichi vinafaa kabisa. Niambie tu huyo dada yako wa Kituruki taabu ilimwingilia mlango gani kule kwake, halafu uangalie kama huku kwetu umeuacha wazi au umeuziba.

Mzee wa Tungo, sasa nakuja kwako, na kwa kaka wa binti. Tunakubaliana kwamba jina la mtunzi litajwe. Mimi kila hadithi yangu inaanza kwa kumtaja Roddenberry na tamthilia yake, na sijauza hata ukurasa. Lakini ushauri wa kubadili majina siupokei. Ukibadili majina ndipo unapoficha ulikochota. Ukiyaacha, kila msomaji anajua deni ni la nani. Na kuchota kwenyewe hatukujifunza kwa Wamarekani. Abunuwasi alikuwa mshairi kweli wa Baghdad, zama za Haruni Rashidi, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Nani alimleta pwani akamfanya mtu wa kuazima sufuria kwa jirani na kumrudishia ikiwa imezaa? Bibi zetu. Hawakumwita jina lingine. Na nyie washairi, mtu akitoa shairi gazetini si mnamjibu kwa bahari yake na vina vyake, mkapinga alichosema? Shairi la kwanza halipungui kwa kujibiwa. Mimi namjibu nesi Chapel, miaka yote hii.

Kule kwao nako mashabiki walianza mapema. Mwaka 1967, tamthilia bado iko hewani, kulitoka New York jarida la mashabiki liitwalo Spockanalia, na walioliandaa walikuwa wanawake. Majarida ya namna hiyo waliyapiga taipu, wakayachapa kwa mashine za mkono, aina ya zile za stensili zilizotuchapia mitihani, wakatumiana kwa posta. Siku hizi kuna hifadhi kubwa ya hadithi hizi mtandaoni, Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009. Inaendeshwa bila faida na watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za kisayansi. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, lakini kilichonirudisha kwenye kalamu ni kifo cha Nichelle Nichols, 30 Julai 2022. Wiki ile nilianza kupiga chapa kaunta buku lote.

Rongai_Saa_Kumi

Mama Opereta, hiyo ya kibao imenigusa. Hata sisi huku Kenya tulivaa, na kwetu ulipigwa juu yake.

Naomba niongeze kitu kwa sababu mimi nilianzia upande mwingine. Kuna hii tamthilia mpya ya Star Trek, Strange New Worlds, ya 2022, ambapo Uhura anaanza akiwa mwanafunzi wa jeshi la angani na anaigizwa na Celia Rose Gooding. Huko wamesema waziwazi ni Mkenya. Anajua lugha 37. Anamweleza nahodha Pike kwamba wazazi wake walikuwa wahadhiri chuo kikuu cha Nairobi, na yeye alikuwa asomee hapohapo. Halafu chombo kidogo walichopanda kikapata ajali, wazazi wakafa pamoja na kaka yake. Hakuweza tena kukaa, akakimbilia jeshi la angani.

Mimi nilipoteza kaka kwa ajali ya barabarani, kwa hivyo nilisimamisha simu hapo nikakaa. Nikaanza kuandika kwa matatu, nikitoka kazini, simu mkononi, Rongai mpaka mjini na kurudi. Nilichobadilisha ni kimoja, hata kabla sijamsoma Mama: siku hiyo hawakupanda. Kaka mtu alichelewa, wakakosa nafasi, wakarudi nyumbani wakakula. Kwa hivyo Uhura anasomea Nairobi, anakuwa mwalimu wa lugha, anafundisha asubuhi, jioni wanagombana na kaka yake juu ya nani ataosha vyombo. Nimeandika sura 14 na hakuna kitu kikubwa kimetokea, na siwezi kuacha.

Lakini kuna jambo sikulitarajia. Nilidhani naandika dunia yenye furaha. Ilipofika sura ya sita nikagundua Enterprise iko huko juu na mezani pake amekaa mtu mwingine asiyesikia vile yeye angesikia. Kuna meli itapotea kwa sababu hakuna aliyeelewa ujumbe. Uhura yuko darasani Nairobi, kaka yake yuko hai, na hajui. Mimi ndio najua. Binti, ukibadilisha kitu, angalia pia ni nani analipa. Hapo ndipo hadithi yangu ilianza kuwa nzito.

Mzee_wa_Tungo

Bi Opereta, hapo kwenye kujibizana umenishika. Nimelumbana na wenzangu kwa mashairi tangu ujana na sijawahi kuita wizi. Nakubali. Ila nasimama kwenye jina la mtunzi kutajwa juu kabisa, kabla ya bismillahi ya hadithi, si chini kabisa kwa herufi ndogo. Binti, pole kwa kukuyumbisha. Waache na majina yao.

Rongai, Mungu amrehemu kaka yako.

Binti_Makambako

Ahsanteni sana. Mzee, nimeshukuru, na nitamsomea kaka. Kaka wa Rongai, pole sana.

Mama, nimekaa na swali lako tangu jana mchana. Mlango wa taabu ya dada yangu ni huu: baba yake alimletea karatasi asaini, akasaini bila kusoma kwa sababu alimwamini. Yote yaliyofuata, ndoa, mama mkwe, kufukuzwa, yalitoka kwenye ile karatasi. Na mimi katika kurasa 40 hakuna karatasi hata moja! Nilimleta Makambako kama mtu aliyekuja tu kuuza parachichi. Tena huku karatasi zimejaa, hizi za mikopo ya kausha damu. Kwetu mtaani kuna dada aliandikwa mdhamini wa mkopo wa baba yake, wakaja wakabeba hadi godoro la mtoto. Nimeanza upya jana usiku. Anasaini ukurasa wa pili, juu ya kreti la parachichi, na baba ameshika tochi ya simu ili aone. Safari hii mkono wake nimeuona.

Naomba niulize la mwisho. Ulisema kanda iliyofuata ni ya ulimwengu wa dola ya mabavu. Katika hadithi yako, Uhura aliyefundishwa kwa Kiswahili naye anarushwa huko? Na yule Uhura wa huko, mwenye kisu, si anakuja huku? Nani anampokea?

Opereta_Tanga

Kreti la parachichi na tochi ya simu. Endelea hapohapo mwanangu, usiinue kalamu.

Ndiyo, anarushwa. Sehemu ya kwao ilinirahisishia: katika hadithi yangu Kirk, McCoy na Scott wanajua maneno yao machache, kwa hiyo wakiwa katikati ya maadui wana lugha ambayo Spock wa ndevu haielewi. Sura hiyo niliimaliza kwa usiku mmoja.

Ya pili ilinichukua miaka. Katika tamthilia, wale wanne wabaya wakitua huku, Spock wetu anawatambua mara moja anawafungia mahabusu, na hatuwaoni tena mpaka wanarudishwa. Uhura wa kule amefungiwa humo. Mimi nikamtuma nesi Chapel ashuke peke yake, asimame mbele ya mlango, amsalimie kwa Kiswahili alichojifunza kwa yule mwingine: "Hujambo."

Nilipokuwa na miaka 14 niliandika kwamba alijibu "Sijambo" akalia. Niliipenda sana, nilisoma hadi karatasi ikachanika. Nilipokuwa na miaka 30 nikaona ni uongo. Mwanamke aliyelala na kisu miaka yote halii kwa kusalimiwa. Nikajaribu anyamaze. Nikajaribu acheke. Nikajaribu atukane, nikaona haya kuandika. Nilirudi kwa mizani yake, kama walivyomwachia Spock yake. Huyu kazi yake ni kusikia. Duniani kwake, anayejifunza lugha ya mwenzie anajifunza ili amvizie. Nilimjua mtu wa namna hiyo. Nilikuwa yeye, bwenini, nimekaa karibu na kitanda cha rafiki yangu mwenye homa.

Basi mwaka 2022 nikaandika hivi, na sijagusa tena:

Chapel akasema, "Hujambo."

Uhura hakujibu. Akasogea mpaka ukingoni mwa mlango, akamtazama midomo.

"Umemuua nani," akauliza, "mpaka ukaipata lugha hii?"

Chapel akatafuta maneno. Aliyonayo hayakuwa mengi.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Alisahau. Nikakaa naye."

Akafungua kiganja akakiweka kwenye kioo. Wino ulikuwa umekwisha kufutika siku nyingi, lakini Uhura alikitazama kana kwamba bado unasomeka.